Nimeomba nipigiwe laini ikiwa wazi, mbona simu haiiti?

*Swali: Habari mtaalamu. Ninasimamia mtambo wa simu wa ofisi yetu. Tuna ekstensheni (laini za ndani) 32 na mtambo unaendeshwa na Asterisk, programu ya kuendeshea mitambo ya simu. Ekstensheni ya mhasibu iko bize mchana kutwa. Watu wanapiga, wanakata, wanapiga tena. Nikawasha huduma ya kupigiwa kiotomatiki: ukikuta laini bize unakata, unabonyeza nyota 82, na mhasibu akimaliza kuongea mtambo unakupigia ili ukuunganishe naye. Matokeo sielewi. Wengine wanaambiwa ombi limepokelewa halafu hawapigiwi kamwe. Wengine ombi linakataliwa. Mmoja simu ilimwita papo hapo, kupokea akakuta bado bize, akaomba tena ikawa vilevile. Mwingine aliitwa vizuri lakini akaishia kwenye ujumbe wa sauti. Meneja anasema niizime kabla haijaelemea mtambo, na wakati huohuo anataka wateja wanaokuta namba yetu bize nao wapigiwe. Nifanyeje?*

Habari nzuri ndugu yangu, na pole kwa kukaa katikati ya meneja na watumiaji. Usiizime bado. Huduma unayoitaka ni nzuri, ipo tangu enzi za mitambo ya zamani, na kwenye Asterisk imekuwemo tangu toleo la 1.8 la mwaka 2010. Kilichokukwamisha ni kwamba kuiwasha ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kuuwezesha mtambo ujue, bila kubahatisha, kwamba mhasibu yuko kwenye simu na kwamba amemaliza. Suala la wateja wa nje ni jambo jingine kabisa, nitalijibu mwishoni.

Kwanza hofu ya meneja wako, maana ndiyo inayoweza kukukatisha kazi. Watu wengi wanadhani mtambo unakaa ukipiga ile ekstensheni kila baada ya sekunde chache hadi ipatikane. Haufanyi hivyo. Ni kama umemwambia mwenzako aliyekaa karibu na mlango, "fulani akitoka nistue." Mtambo unaandika ombi, unatulia, na unaangalia hali ya ekstensheni ambayo tayari unaifuatilia kwa shughuli zake nyingine, zikiwemo zile taa za kwenye simu ya mapokezi zinazoonyesha nani yuko kwenye simu. Hali ikibadilika kutoka bize kwenda wazi, ndipo unakuita. Ekstensheni 32 hazitauelemea mtambo kwa kazi hiyo. Kinachochosha mtambo, na watu pia, ni hao wanaopiga na kukata mchana kutwa.

Ila mlinda mlango lazima auone mlango, na hapo ndipo matatizo yako mengi yanapoanzia.

Tuanze na wale walioambiwa ombi limepokelewa kisha kimya. Ningekuwa kwako, kitu cha kwanza kukiangalia ni simu ya mhasibu yenyewe. Simu nyingi za mezani za IP, yaani zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta, huja zikiwa na nafasi mbili, nne au zaidi za mazungumzo kwenye ekstensheni moja, na huduma ya simu ya pili kusubiri huwa imewashwa tangu kiwandani. Mhasibu akiwa anaongea na mtu wa pili akapiga, simu haijibu mtambo kwamba iko bize. Inajibu kwamba inaita. Kwa lugha ya SIP, ambayo simu hizi hutumia kuwasiliana na mtambo, badala ya jibu namba 486 linalosema "niko bize", inatuma namba 180 inayosema "ninaita." Mhasibu anasikia mlio mdogo sikioni, anaupuuza kwa sababu ana mtu kwenye laini, na mpigaji anasikia simu inaita hadi inachoka. Mpigaji anajua mhasibu yuko bize, kwa sababu amemwona kwa macho yake akiwa ameshika simu. Mtambo haujui. Kwa mtambo, huyo ni mtu ambaye hakupokea.

Mitambo hutofautisha huduma mbili hapa: kupigiwa kwa sababu laini ilikuwa bize, na kupigiwa kwa sababu simu haikupokelewa. Ya kwanza husubiri mazungumzo yaliyopo yaishe. Ya pili kwa kawaida husubiri dalili kwamba mwenye simu amerudi mezani, na dalili pekee ambayo mtambo unaweza kuiona ni yeye kuitumia simu yake kisha kuiweka chini. Kwenye Asterisk, ombi la aina ya kwanza huishi sekunde 4800 usipobadilisha kitu, yaani dakika 80. Ombi la aina ya pili huishi sekunde 7200, yaani saa 2. Kwa hiyo watu wako wanabonyeza nyota 82 wakidhani wanasubiri mhasibu amalize, kumbe mtambo umeandika aina nyingine ya ombi na unasubiri tukio jingine. Muda unapita, ombi linafutwa kimyakimya, na mpigaji anasema huduma haifanyi kazi.

Dawa yake ni kufanya ekstensheni ya mhasibu ijibu bize pale inapokuwa na simu moja. Unaweza kuzima simu ya kusubiri ndani ya simu yenyewe, au kwenye mtambo. Tahadhari moja tu, na ni kubwa. Kuna vizuizi vinavyohesabu kila simu, hata zile anazopiga mwenyewe. Ukiweka kikomo cha simu 1 cha namna hiyo, mhasibu atashindwa kuhamisha simu, kwa sababu ili ahamishe anahitaji kumshikilisha mmoja na kumpigia mwingine. Tafuta kizuizi kinachogusa simu zinazoingia pekee. Tena mwulize mhasibu kabla hujagusa chochote. Wapo wanaoutegemea ule mlio wa sikioni kujua kwamba mkurugenzi anapiga, na ukiuondoa bila kuwaambia utaletewa lawama ambazo haukuzitarajia.

Baada ya hapo thibitisha kwamba mtambo unahesabu. Kama simu zako bado zinatumia kiunganishi cha zamani cha chan_sip, ekstensheni inahitaji mstari wa callcounter=yes; bila huo, mtambo unaweza kuionyesha laini iko wazi hata mtu akiwa katikati ya mazungumzo. Kiunganishi hicho kiliondolewa katika toleo la 21 la mwaka 2023, hivyo huenda uko kwenye kiunganishi kipya cha PJSIP. Huko utakuta mpangilio uitwao device_state_busy_at, ambao kwa kawaida huwa 0, maana yake haujawashwa. Ukiuweka 1, unauambia mtambo utangaze kwamba ekstensheni iko bize mara inapokuwa na simu moja. Zingatia kwamba unatangaza tu. Haukatai simu ya pili. Kuikataa kunabaki kuwa kazi ya simu yenyewe au ya mpango wako wa upigaji, yaani maagizo ya mtambo kuhusu kila simu inavyoshughulikiwa. Nimeona mafundi wakiweka huu mmoja wakadhani wamemaliza.

Halafu kuna ruhusa za pande mbili. Asterisk inataka kujua anayeomba anaruhusiwa kuomba, na anayesubiriwa anaruhusiwa kusubiriwa. Ya kwanza ni cc_agent_policy, ya pili ni cc_monitor_policy, na zote mbili huanza zikiwa never, yaani hairuhusiwi kamwe. Kwa simu za ndani ya ofisi huwekwa generic, yaani njia ya jumla ambayo mtambo wenyewe hufuatilia hali ya ekstensheni zake. Ukiwasha upande mmoja tu, au ukaziwashia ekstensheni kumi ukasahau nyingine, utapata hali hiyohiyo unayoiona: wengine inakubali, wengine inakataa. Kama unasimamia mtambo kupitia kurasa za kiutawala badala ya mafaili, kuna uwezekano mkubwa ruhusa hizi ziko chini ya jina Camp-On, kwa kila ekstensheni peke yake. Pitia zote 32, usiamini kumbukumbu.

Sababu ya pili ya ombi kukataliwa ni ndogo lakini inawakamata watu wengi: muda. Baada ya simu kushindikana, Asterisk inampa mpigaji sekunde 20 tu za kuomba. Mtu akikata, akamalizia sentensi kwa mwenzake, akatafuta kile kikaratasi chenye misimbo, muda umekwisha na mtambo hauna tena kumbukumbu ya simu anayoizungumzia. Mpangilio unaitwa cc_offer_timer. Usiurefushe kupita kiasi, kwa sababu mtu akishapiga namba nyingine katikati, yeye mwenyewe hatajua ni ombi la nani linalowekwa. Mimi ningeanza na sekunde 40 nione. Bora zaidi ni kumwondolea mpigaji mzigo wa kukumbuka: akikuta bize, badala ya mlio wa bize asikie sauti ikisema, "Laini inatumika. Kata kisha bonyeza nyota 82 upigiwe ikiwa wazi, au bonyeza 2 uache ujumbe." Anaambiwa msimbo akiwa bado na simu mkononi. Huduma ambayo haihitaji kukariri msimbo ndiyo inayotumika kweli.

Sasa yule aliyeitwa papo hapo akakuta bado bize. Hii ndiyo niliyoipenda zaidi katika swali lako, kwa sababu inaonyesha wazi mtambo ukipewa habari mbili zinazopingana. Angalia kama mhasibu alikuwa amebonyeza kitufe cha kutosumbuliwa kwenye simu yake. Kitufe hicho, katika simu nyingi, hufanya kazi ndani ya simu tu. Mtu akipiga, simu inatuma lile jibu namba 486 kana kwamba mwenyewe anaongea. Lakini mtambo ukihesabu mazungumzo kwenye ekstensheni hiyo unapata 0. Jibu la simu linasema bize, hesabu inasema wazi. Kutegemea mtambo ulivyoandikwa, ama utaona laini iko wazi tayari na kukuita hapohapo, ama utasubiri badiliko ambalo halitatokea hadi mwenyewe atakapoitumia simu. Mpigaji anapata usumbufu kwa namna zote mbili. Suluhisho ni kuhamishia hali ya kutosumbuliwa kwenye mtambo: mhasibu abonyeze msimbo wa mtambo badala ya kitufe cha simu, ili mtambo wenyewe ujue kwamba hataki kusumbuliwa na usikubali maombi ya kumsubiri.

Wale wenye ekstensheni moja kwenye simu ya mezani na tena kwenye programu ya simu ya mkononi wana utata wao pia, kwa kuwa hali ya ekstensheni inakuwa mchanganyiko wa vifaa viwili. Na mhasibu akiwa anaongea kwa namba yake binafsi ya mkononi, mtambo hauna namna yoyote ya kujua. Hilo halirekebishiki kwa mpangilio wowote.

Aliyeishia kwenye ujumbe wa sauti hakukosewa na mtambo. Fuata mtiririko taratibu uone. Mhasibu anaweka simu chini. Mtambo unamwita kwanza aliyeomba, siyo mhasibu. Asterisk inampa sekunde 20 kupokea. Akinyanyua tu, ndipo simu ya mhasibu inaanza kuita. Katikati ya hapo kuna pengo, na kwa mtu mwenye shughuli nyingi pengo hilo linatosha: mwingine amepiga moja kwa moja, au mhasibu mwenyewe amenyanyua kupiga. Aliyeomba anakuta bize tena, na kwa kuwa umeelekeza simu za bize kwenye ujumbe wa sauti, huko ndiko anakotua. Kwa nini mtambo usimwite mhasibu kwanza? Kwa sababu mhasibu angepokea simu akute kimya, huku aliyeomba ameenda kunywa maji. Mpangilio wa kumwita aliyeomba kwanza ni wa haki. Ipo mitambo inayoweza kuishikilia laini ya anayesubiriwa kwa sekunde chache ili isichukuliwe, lakini usilitarajie hilo kwenye njia ya generic. Waeleze tu watumiaji wako: ikikuita, pokea haraka. Asiyepokea ndani ya muda ombi lake linakufa na ataomba upya. Kama wakati mhasibu anamaliza wewe uko kwenye simu nyingine, hapo ombi halifi. Linasimama kando hadi nawe umalize.

Usiweke huduma hii kwenye namba ya kundi, ile inayoita simu tano kwa pamoja. Kundi halina hali moja ya bize au wazi ya kusubiriwa.

Ukishabadilisha, jaribu kwa simu tatu mezani, siyo kwa kuuliza watu wanaonaje. Simu ya kwanza impigie ya pili, waongee. Ya tatu ipige ya pili. Sikiliza kwa makini: ni mlio wa bize au inaita? Ikiwa inaita, simama hapo, kwa maana mengine yote hayatafaa. Ikiwa ni bize, weka ombi, kisha kwenye skrini ya mtambo andika core show hints uone ekstensheni ya pili inaonyeshwa kuwa katika hali gani, na cc report status uone ombi limeandikwa na linasubiri nini. Kata mazungumzo ya kwanza uangalie hali ikibadilika. Rudia ukiwa umebonyeza kutosumbuliwa, na rudia tena ukiwa umeacha ya pili iite bila kupokelewa. Majaribio hayo yatakueleza mengi kuliko malalamiko ya mwezi mzima.

Tukija kwa wateja. Wanaposema wamekuta namba yenu bize, mara nyingi maana yake ni kwamba njia zote za kuingia kutoka kwa kampuni ya simu zimejaa. Mkiwa na njia 8, mtu wa 9 anakataliwa huko kwenye kampuni, na simu yake haigusi kabisa mtambo wenu. Hakuna kumbukumbu, hakuna namba iliyoandikwa, hakuna wa kumpigia. Kwa hiyo ombi la meneja halitekelezeki kwa mpangilio wowote wa ndani. Iombeni kampuni ya simu taarifa ya simu zilizokataliwa kwa kujaa, muone zinatokea saa ngapi, halafu muongeze njia kadiri inavyohitajika.

Njia zikitosha, mteja anaingia, na hapo ndipo mnaweza kumpa huduma inayofanana na anayoitaka meneja: akiwa kwenye foleni, achague kukata na nafasi yake ibaki, kisha mhudumu akiwa huru mtambo umpigie. Hii inaitwa kupigiwa kutoka foleni, na inasubiri mhudumu wa ndani, ambaye mtambo unamwona. Ni rahisi kuitegemea. Hakikisha inamsomea mteja namba yake aithibitishe. Mkimruhusu aandike namba nyingine, fungeni kabisa simu za kimataifa na namba za malipo maalumu kwenye njia hiyo. Matapeli hutafuta mitambo ya namna hii, huandika namba ambayo wao hulipwa ikipigwa, na ofisi hubeba ankara. Hilo tafadhali lifanyeni kabla ya siku ya kwanza, siyo baadaye.

Na kinyume chake, wafanyakazi wenu wanaopiga namba za nje zilizo bize? Mtambo wenu hauoni hali ya laini ya mtu wa nje. Mitandao mingine ya simu hutoa huduma hiyo yenyewe. Marekani, kwa mfano, kampuni za simu za mezani zilizoea kuitoa kwa msimbo wa nyota 66. SIP nayo ina utaratibu wake rasmi wa mwaka 2013, ulioandikwa katika waraka wa viwango vya intaneti RFC 6910, lakini unahitaji pande zote mbili ziukubali, hivyo ulizeni kampuni yenu kabla ya kuutegemea. Kinachobaki ni kitufe cha kurudia kupiga kiotomatiki, kwa simu zilizonacho, na hicho ndicho kweli kinapiga tena na tena, kikishika njia moja kila mara. Ningeshauri kizimwe pale njia za kutokea ni chache.

Sasa, lini umwite fundi aje mwenyewe? Ukiona ekstensheni au laini ya nje inabaki imeandikwa bize hata simu zote zikiwa chini, mwite, hasa kama mna laini za analogi. Laini hizo mara nyingi hazipeleki ishara ya wazi kwamba upande wa pili umekata, mtambo unaendelea kushikilia simu iliyokwisha, na maombi yote yanayoisubiri yanakwama. Kurekebisha kunahitaji mtu asikilize mlio wa kukatika wa laini hiyo hiyo na kuufundisha mtambo uutambue. Kwa mbali ni kubahatisha. Mwite pia kama mna matawi yenye mitambo tofauti na mnataka huduma ivuke kati yao, kwa kuwa njia ya generic haivuki mtambo mmoja. Na kabla yeyote hajagusa mpango wa upigaji, weka nakala ya mafaili yote pembeni na ufanye kazi baada ya saa za ofisi, kisha upige namba za dharura kwa utaratibu unaoruhusiwa kwenu kuhakikisha bado zinatoka.

Kwa wiki hii anza na simu ya mhasibu peke yake: zima simu ya pili kusubiri, weka device_state_busy_at kuwa 1, kagua ruhusa za pande zote mbili, na fanya lile jaribio la simu tatu. Ukikwama, niandikie tena ukiambatanisha kile kinachoonyeshwa na cc report status wakati ombi linasubiri, na aina ya simu aliyonayo mhasibu.